Figo Haipotei, Huibwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Pima Tena. Alikuwa muuza nyama, na kila alichouziwa alitaka kipimwe mara mbili, kwanza kwa mzani wa muuzaji, kisha kwa mzani wake. Mizani yote miwili ikikubaliana, alianza kushuku kwamba imekula njama. Mtu akimsalimu kwa heshima iliyopita kiasi, alijiuliza anataka mfupa wa supu au anataka kukopa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alimpenda mkewe, aliwapenda wanawe, na zaidi ya wote alimpenda kaka yake, fundi cherehani, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ila aliumbwa na jicho moja la ziada, na jicho hilo halikujua kulala.

Kazi yake ndiyo iliyolinoa. Kila asubuhi alikwenda machinjioni kuchagua nyama. Huko mnyama akishachunwa na kutundikwa kwenye kulabu, matumbo hutolewa, lakini figo huachwa palepale zilipoota, mgongoni, moja kila upande, zimezama kwenye mafuta yake, mpaka mkaguzi wa nyama azione. Kati ya kulabu na gari la kubebea nyama pana mikono mingi. Na figo ni kitu laini, kitamu, kinachoenea mfukoni bila kelele. Kwa hiyo Pima Tena alipokuta mzoga una figo moja, hakuuliza imepotelea wapi. Aliuliza imo mfukoni mwa nani. "Figo haipotei," alikuwa akisema, "figo huibwa." Wasafisha utumbo zaidi ya mmoja walifukuzwa kazi kwa sababu ya neno hilo.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyompeleka hospitali. Choo cha wenye maduka kilikuwa nyuma kabisa, mwisho wa kibaraza, na kwenda huko ni kuiacha nyama na visu na majirani. Pima Tena hakuwa tayari kuwaacha majirani na kitu chochote. Akabuni dawa yake mwenyewe: asinywe maji, na kile kidogo kitakachokuja akibane mpaka jioni. Aliishi hivyo miaka, akijisifu kwamba yeye hana haja ya kukimbiakimbia kama wenzake. Halafu mkojo ukaanza kumchoma. Ukawa na rangi ya chai iliyochemka mpaka ikasahauliwa jikoni, na maumivu yakamshika ubavuni. Alimshuku kwanza muuza mboga wa jirani, kisha bomba la mtaa, kisha chumvi mpya aliyonunua mkewe. Mkewe alimsikiliza, akamletea viatu, akamwambia aende hospitali kabla haijafika zamu ya kumshuku mama mkwe.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye subira. Alisoma majibu ya mkojo, akavuta kiti.

"Baba, wewe unakunywa maji?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mkojo wako unaniambia hunywi." Daktari akageuza karatasi, akachora upesi maumbo mawili kama maharagwe. "Hizi ni figo. Ziko nyuma, chini kidogo ya mbavu. Damu yako yote hupita humo, inachujwa, inarudi, inachujwa tena. Kinachofaa mwili unarudishiwa. Taka na maji yaliyozidi ndiyo mkojo. Unateremka kwa mirija hii myembamba, mmoja kila upande, mpaka hapa kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli, unatanuka ukijaa. Chini yake kuna misuli mingine imebana mdomo wa mfuko, mpaka wewe mwenyewe uamue kuufungua."

"Nayajua hayo. Nimeshafungua matumbo mengi kuliko wewe."

"Basi unajua kwamba njia ile ni ya kutokea, si ghala. Wewe huleti maji juu, na chini hufungui. Mkojo mzito ukikaa sana, wadudu wanaota humo, na chumvi inaweza kugeuka mchanga. Nitakupa dawa. Lakini kwanza nataka tukupige altrasaundi, tuone kama kuna mchanga au jiwe."

Pima Tena alilala kitandani akiwa amekunja ngumi. Mpiga picha, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimpaka tumboni kitu cha baridi chenye utelezi, akaanza kupitisha kifaa chake. Alikwenda kulia, akaridhika. Alikwenda kushoto, akasita. Akarudi kulia. Akaenda tena kushoto, akabonyeza zaidi, akamgeuza ubavu, akamwambia avute pumzi aishike. Pima Tena hakuitazama mashine. Alimtazama yeye usoni, na alichokiona kilimtia ubaridi kuliko yale mafuta. Yalikuwa macho ya mtu anayetafuta kitu mahali kilipotakiwa kuwepo. Aliyajua macho hayo, ni yake mwenyewe kila asubuhi machinjioni.

"Dada, unatafuta nini?"

"Tulia, baba."

Mtu hutulia akiambiwa atulie na anayemwamini. Mpiga picha alimwita daktari, wakanong'ona kidogo mbele ya kioo cha mashine, kisha daktari akamgeukia.

"Usiwe na wasiwasi. Mchanga upo kidogo sana, utatoka kwa maji na dawa. Ila tumeona jambo lingine. Una figo moja, ya kulia. Ni kubwa kuliko kawaida na inafanya kazi vizuri. Inaelekea ulizaliwa hivyo, hutokea kwa watu, na wengi wanaishi mpaka uzee bila hata kujua."

Maneno hayo yote yalisemwa, na yalisemwa vizuri. Lakini Pima Tena alisikia "moja", na hapo masikio yakajifunga kama duka siku ya msiba.

"Na ya pili iko wapi?"

"Inaelekea haijawahi kuwepo."

"Daktari, mimi ni muuza nyama. Mnyama ana figo mbili. Pimeni tena."

Walipima tena. Ikawa ileile moja. Akauliza kama wameangalia vizuri nyuma ya mafuta, na mpiga picha akapata kikohozi cha ghafla akageukia ukutani. Daktari yeye alikuwa anajaza maelezo, akauliza lile swali ambalo huulizwa kila mgonjwa anayelala kitanda kile.

"Hili kovu la tumboni ni la nini? Uliwahi kupasuliwa?"

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Aliwahi kupasuliwa, tena vizuri sana. Ujana wake alifanya kazi ya kupakia wanyama kwenye lori, na siku moja lango la lori lilifunguka wakiwa mwendoni, akaanguka, kisha lango likamfuata. Aliamka hospitali ana mshono mrefu tumboni, na kaka yake amekaa kando ya kitanda ameinamisha kichwa. Kaka ndiye aliyetia sahihi apasuliwe. Kaka ndiye aliyezungumza na madaktari. Kaka ndiye aliyemweleza kwamba wengu lake, yaani bandama, lilipasuka na wamelitoa, basi, hakuna zaidi. Na wengu, kama ajuavyo kila mwenye bucha, liko upande wa kushoto. Upande uleule.

Alirudi nyumbani mkono mmoja umeshika ubavu, kana kwamba na ile iliyobaki inaweza kuchomolewa njiani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto, si umuulize tu kaka yako?"

"Mwizi haulizwi. Mwizi huchunguzwa."

"Aliyekulea ndiye mwizi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi tumekwisha, maana nguo zetu zote kashona yeye," mkewe alisema, akaendelea kuchambua mchele. Alidhani mzaha utamzimua. Haukumzimua.

Mtu akishashuku, ushahidi humjia wenyewe kama nzi kwenye bucha. Pima Tena alikaa nyuma ya gogo lake la kukatia nyama akaupanga. Kwanza, kaka yake hali figo. Maini anakula, ulimi anakula, hata utumbo, lakini figo ukimpa anasukuma sahani. Kwa nini, kama si dhamiri inayomsuta? Pili, kila wanapoonana, hata kabla ya kuulizia watoto, kaka humuuliza: "Maji unakunywa?" Miaka yote hiyo. Nani anaulizia figo za mwenzake kila wiki, kama hajui hesabu yake? Tatu, lile la glavu. Alipopona ile ajali alitaka kurudia ndondi, maana alikuwa na ngumi iliyoheshimiwa. Kaka alizichukua glavu zake, hakuzirudisha hadi leo, na hakutoa sababu yoyote yenye kichwa wala miguu. Pima Tena alinung'unika mwaka mzima. Sasa aliona. Bondia hupimwa afya kila pambano, na daktari wa ndondi angeligundua pengo. Dalili ya mvua ni mawingu, akajisemea, na haya si mawingu tena, haya ni mafuriko.

Tusimcheke sana. Ukweli ni kwamba iliuma. Angekuwa ameibiwa na mtu baki, angepiga kelele, angekwenda polisi, angelala. Lakini huyu alikuwa kaka, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, aliyeacha shule ili yeye asome. Kama kaka naye ni mwizi, basi hapakuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye Pima Tena angeweza kumpa kisogo bila hofu. Alitaka sana iwe si kweli, na kwa kuwa alitaka hivyo, aliushuku hata utashi wake.

Akatega mtego. Alifunga figo kwenye karatasi, akaenda nazo dukani kwa kaka yake mchana, wakati hakuna wateja wengi.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, na benchi la wateja. Nguo zilizokamilika zilining'inia juu, zisizokamilika zilikaa kwenye vifurushi. Kaka alikuwa amevaa futi ya kupimia shingoni kama kawaida yake, pini mbili zimebanwa midomoni. Alipomwona mdogo wake alizitoa pini.

"Karibu, mdogo wangu. Maji unakunywa?"

Pima Tena aliweka karatasi mezani, akaifungua polepole. Zilikuwa figo za kondoo, mbili, bado zina ung'avu. Akaichukua moja, akaitia mfukoni mwa aproni yake, akabaki amemkazia macho kaka yake.

"Sasa unafanya nini?" kaka akauliza. "Mbona ile nyingine umeificha?"

"Wewe niambie. Ile nyingine iko wapi?"

Fundi aliitazama figo iliyobaki kwenye karatasi. Akamtazama mdogo wake. Rangi ikamtoka usoni, akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.

"Nani kakwambia?" akasema.

Naam. Katika maneno yote ambayo angeweza kuyasema, alichagua hayo. Asiye na hatia huuliza "mambo gani?" Asiye na hatia hucheka, au hufoka. Aulizaye "nani kakwambia" ni yule anayejua lipo la kuambiwa.

"Kwa hiyo ulijua," Pima Tena alisema.

"Nilijua. Kaa, nikueleze."

"Ulijua tangu siku ile."

"Tangu siku ile. Kaa chini, mdogo wangu, si jambo la kusema umesimama."

Lakini Pima Tena hakuwa amekuja kusikiliza, alikuwa amekuja kukamata. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kinyozi wa jirani kwamba yeye hana kaka, kwamba mtu anayeuza kiungo cha mdogo wake aliyelala nusu maiti si mtu, na kwamba figo ile aliyomwekea mezani aile, maana moja alishakula. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyokuwa nayo yalimkimbia yote kwa pamoja.

Mtaa haukuhitaji zaidi. Bucha ni mahali watu wanaposubiri zamu, na wanaosubiri husikiliza. Pima Tena alimweleza kila mteja, akikata nyama kwa hasira mpaka vipande vikawa havilingani. Habari ilipofika kwa kinyozi ilikuwa imeota mkia, na ilipofika kwa muuza mboga ilikuwa na mabawa. Wakaanza utani. Ukienda kupimwa suruali kwa fundi yule, walisema, hesabu viungo vyako kabla hujatoka. Ulikuwa utani, lakini mtu huacha kwenda mahali kwa sababu ya utani upesi kuliko kwa sababu ya ushahidi. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa. Mwingine akafuata. Mke wa fundi alikwenda kwa Pima Tena, akasimama mbele ya nyama zilizotundikwa.

"Shemeji, njoo umsikilize mwenzako. Hali chakula, halali usingizi."

"Dhamiri hiyo, shemeji. Iache ifanye kazi yake."

Shemeji yake aliondoka bila kununua kitu. Mke wa Pima Tena aliyashuhudia hayo. Jioni ile alimwandalia mumewe chakula, akaketi chumba kingine.

Wiki zikapita. Dawa zilimfaa, kuchoma kukaisha, maumivu yakaondoka. Maji alikunywa, ila kwa chuki, maana kila glasi ilikuwa na sauti ya kaka yake ndani. Asubuhi moja machinjioni alichagua kondoo dume mnono. Akatia mkono mgongoni mwa mzoga kama ilivyo desturi yake. Kulia, figo ipo. Kushoto, hamna.

Kwa hali aliyokuwa nayo, ilikuwa kama kumwagia moto petroli. Alimshika shati msafisha utumbo aliyekuwa karibu, mtu mzima mwenye wajukuu, akamtaka atoe mifuko nje. Mtu yule alikwishazoea. Alijifuta mikono, akaitoa mifuko yake yote ikaning'inia kama ndimi, haina kitu. Pima Tena akataka na ndoo imwagwe. Kelele zikamleta mkaguzi wa nyama, mzee aliyekuwa na muhuri wake mkononi.

"Kuna nini leo?"

"Figo imeibwa, bwana mkaguzi. Tena mnyama bado ana joto."

Mkaguzi alisogea kwenye mzoga, akapitisha vidole ndani ya mafuta, akayafungua taratibu.

"Njoo uone," akasema. "Figo ikikatwa huacha alama. Mshipa wake wa damu unaonekana umekatwa. Mrija wake wa mkojo unaning'inia. Na mafuta yanabaki na shimo pale ilipolala. Tia mkono wako hapa, usinisikilize mimi."

Pima Tena alitia mkono. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na mshipa uliokatwa wala mrija. Palikuwa na mafuta tu, yamejaa, yametulia, hayajawahi kumpisha mtu.

"Sasa shika hii ya kulia."

Akaishika. Ilimjaa kiganja. Alikuwa ameshika figo za kondoo maisha yake yote, na hii ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Huyu kazaliwa nayo moja," mkaguzi akasema. "Ikakua, ikafanya kazi ya mbili. Hutokea. Si mara nyingi, lakini nimewaona, na wengine ulikuwa umesimama hapohapo ulipo."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Kila mara ulikuja na jina la mwizi tayari."

"Naweza kurudisha mifuko yangu ndani?" msafisha utumbo akauliza.

Watu walicheka. Pima Tena hakucheka. Alikuwa amesimama na ile figo mkononi, na maneno ya daktari, yale aliyoyafungia nje, yakaanza kuingia moja moja kama wageni waliosubiri sana mlangoni. Ni kubwa kuliko kawaida. Inaelekea ulizaliwa hivyo. Hutokea kwa watu. Akamwomba radhi msafisha utumbo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale, na akakumbuka nyuso za wale waliofukuzwa, ambao hakujua tena wanaishi wapi. Kondoo hakumnunua. Alikwenda hospitali moja kwa moja, nguo zina damu, mlinzi akadhani ni majeruhi.

Daktari alimfungulia picha tena. Alimwonyesha ile moja, urefu wake, unono wake.

"Figo ikitolewa mtu akiwa mkubwa, iliyobaki huongezeka kidogo," akasema. "Hii yako imekua hivi tangu utotoni. Na mrija wa upande wa kushoto hatuuoni hata kidogo, baba. Hakuna aliyekuibia."

Safari hii alisikia mpaka nukta ya mwisho.

Alimkuta kaka yake dukani, peke yake. Meza ya kukatia ilikuwa tupu, jambo ambalo Pima Tena hakuwa amewahi kuliona, vile vifurushi vilikuwa vimekwisha, na fundi alikuwa anabadilisha zipu ya begi la shule. Pima Tena alikaa kwenye benchi la wateja.

"Kaka, nimekosa," akasema. "Nimetoka hospitali. Nilizaliwa hivi."

"Najua."

"Nieleze sasa. Nitasikiliza."

Kaka aliendelea kuchomoa nyuzi za zipu mbovu. Alianza kusema bila kuinua macho. Siku ile ya ajali, alisema, mdogo wake alikuwa anakojoa damu. Wakamdunga dawa ya rangi kwenye mshipa na kupiga picha, ili waone rangi inapochujwa na kushuka. Upande mmoja ikashuka, upande mwingine hapakuwa na kitu. Daktari akamwita pembeni, akamwambia: huyu ana moja, ndivyo alivyozaliwa, wengu tunatoa, figo hatugusi, na akiamka hakikisha hapigwi tena ubavuni, na anywe maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Kaka aliinua macho sasa. "Wewe ambaye ukipata mafua unaaga watu? Ningekuambia una moja, ungekaa umeishika mkononi mpaka leo. Usingeoa, usingefanya kazi. Ungekufa kwa mashaka, figo yenyewe ikiwa nzima. Nikasema nitakaa nalo mimi. Glavu nikachukua. La maji nikawa nakusumbua, nikajua utadhani ni mazoea ya wakubwa. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Pima Tena alisugua magoti yake.

"Na wewe mbona huli figo?"

"Zinanuka mkojo," kaka akasema. "Kwani lazima nizipende?"

Kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi walikaribia kucheka wote wawili. Haikufika. Kaka aliweka begi chini, akavua futi shingoni, akaikunja.

"Kuna moja hujaniuliza," akasema. "Siku ileile nilimuuliza daktari: hii moja ikichoka je, atafanyaje? Akasema ndugu anaweza kumpa yake. Nikamwambia anipime. Damu ikawa ya aina moja, na akasema kwangu zote mbili ni nzima. Basi nikajua. Pombe nikaacha, watu wakasema nimeokoka. Maji nakunywa kuliko wewe. Sikuwa najitunzia mwenyewe. Miaka yote hii hapa ndani nina figo yangu, na nina ya kwako imekaa akiba."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, na wote wawili wakaungoja upite. Pima Tena alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

"Na sasa, kaka? Bado ni yangu?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpa mwenzake jibu ili tu anyamaze.

"Mwezi uliopita ungeniuliza, ningekujibu kabla hujamaliza swali," akasema. "Leo sijui, mdogo wangu. Nakwambia kweli, sijui."

Akalichukua begi, akapachika zipu mpya, akaanza kukanyaga cherehani. Pima Tena alibaki kwenye benchi mchana wote, bucha lake liko wazi bila mtu. Kaka yake hakumfukuza, na hakumsemesha.